Hesabu ya Reli ya Uhuru isiwasahau abiria



Natoa maoni yangu juu ya treni za abiria za TAZARA, hasa namna tunavyopima kazi yake kila mwaka unapokwisha.

Reli hii, ambayo wengi wetu tulifundishwa kuiita Reli ya Uhuru, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Ujenzi ulianza 1970 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na reli ikaanza kazi rasmi 1976. Sababu yake inajulikana. Zambia haina bahari, na njia yake ya kusini ilipita katika nchi iliyoshikwa na walowezi wa Rhodesia. Shaba ilihitaji njia ya kufika bandarini. Lakini reli ilipopita Bonde la Kilombero ilikuta watu, nao wakaifanya kuwa barabara yao.

Huwapa wanafunzi wangu wa darasa la sita hesabu hii. Kwa miaka mingi ratiba iliweka treni mbili za abiria kwa wiki kutoka kila mwisho wa reli. Mwaka una wiki 52. Basi ni safari 104 za kwenda na 104 za kurudi, jumla 208. Zidisha kwa 1,860, unapata kilometa 386,880. Kutoka duniani hadi mwezini ni wastani wa kilometa 384,400. Watoto hufurahi mno kujua kwamba treni za kwao, katika mwaka mmoja, zingefika mwezini na kupitiliza.

Lakini hiyo ni hesabu ya karatasini. Inatimia tu ikiwa hakuna safari hata moja iliyofutwa. Kwa msafiri wa Dar es Salaam, treni isipokuja kuna basi. Kwa mama wa kijijini mwenye mikungu yake ya ndizi, na masika yameharibu barabara, safari moja ikifutwa ni siku tatu au nne za kungoja. Ndizi hazingoji. Mgonjwa wa kupelekwa Ifakara naye hangoji.

Septemba 2024, mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China, hati ya makubaliano ya kuifufua reli hii ilitiwa saini mjini Beijing. Ni jambo la kushukuru. Ila kila inapozungumzwa habari hiyo, tunasikia zaidi tani za shaba kuliko abiria. Sikatai kwamba mzigo ndio unaoleta fedha. Nauli ya daraja la tatu haiwezi kununua injini. Ninachosema ni kwamba reli ni mali ya mataifa mawili, nusu kwa nusu, na taifa ni watu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa wahusika. Kwanza, kila mwaka wananchi watangaziwe safari ngapi za abiria zilipangwa, ngapi zilifanyika, na ngapi zilifika kwa wakati. Hesabu ya abiria peke yake haitoshi, maana aliyekata tamaa akarudi nyumbani haandikwi popote. Pili, treni ya kawaida inayosimama vituo vidogo isitolewe kafara kwa ajili ya treni ya haraka. Tatu, treni ikichelewa, taarifa ifike hadi kituo cha mwisho kijijini, ibandikwe ukutani, watu wasilale nje na watoto bila kujua wanangoja nini.

Mwalimu hampi mwanafunzi alama kwa kuandika swali vizuri. Humpa kwa jibu. Ratiba ni swali tu. Jibu ni treni kufika.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mlimba, Morogoro.