Sapu Haiondoki kwa Kauli Tamu

Kila muhula ukianza, kumbi za vyuo vikuu vyetu hujaa wahamasishaji. Suti imenyooka, kipaza sauti mkononi, na madai ni yaleyale.

"Iione A akilini, nayo itakuja." Hili lilikwishapimwa. Mwaka 1999, Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliokuwa wakijiandaa na mtihani. Kundi moja lilitenga dakika 5 kila siku kujiona limeshapata alama ya juu. Kundi jingine lilijiona limeketi na kitabu, likisoma sura baada ya sura. Hili la pili ndilo lililoanza kusoma mapema na kupata alama nzuri zaidi. Wenzao walikuwa wameshakula sikukuu kabla ya mwezi kuandama.

"Ukijiamini, umeshaiva." Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo la kuchekesha kidogo. Waliosoma makala ileile mara kwa mara walijiamini kuliko waliojipima kwa kuiandika bila kuitazama. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Tunaokesha tukiyapaka madesa rangi ya njano tumesikia.

"Jiambie kila asubuhi: mimi ni bora." Anayejiamini, neno hilo halimdhuru. Lakini Joanne Wood na wenzake nchini Kanada waliripoti mwaka 2009 kwamba wanaojidharau, wakirudia kauli nzuri ya kujisifu, walijisikia vibaya zaidi. Na mwenye sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, ndiye hasa anayesukumiwa dawa hiyo.

"Aliyedisko alikosa mtazamo chanya." Hapa uvumilivu wangu unaisha. Boom la mkopo limechelewa, hosteli amekosa, anabebwa na mwenzake kwenye kitanda kimoja, mchana anapiga pasi ndefu bila kula, na usiku anahangaika na Kiingereza cha kitabu. Huyu aambiwe atabasamu? Dai hili linapendwa kwa sababu halimgharimu mtu yeyote, isipokuwa huyo aliyefukuzwa chuo, ambaye sasa anabeba na lawama.

Matumaini yenyewe siyakatai. Gabriele Oettingen na Doris Mayer waliwafuatilia wanafunzi wa Ujerumani waliokuwa wakimaliza chuo na kutafuta kazi. Matokeo yakatoka mwaka 2002. Walioona kwa dhati kwamba kazi wataipata walifanikiwa zaidi. Waliozama katika ndoto tamu za kazi hiyo walituma maombi machache na kulipwa kidogo. Tarajio lenye msingi humwamsha mtu. Ndoto humlaza.

Basi wewe mwenye sapu, tafuta mitihani ya miaka iliyopita, funika desa, jibu. Ukikwama, mfuate mwalimu ofisini kwake bila aibu. Kuuliza ni sehemu ya ustahimilivu. Nanyi wakuu wa vyuo, ajirini washauri nasaha wa kutosha kwanza. Wahamasishaji waje baadaye, kama bajeti itabaki.