Anayeuliza Swali Si Adui wa Nyota Yako



Tangu dada yetu Ruth Chepngetich afungiwe, kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Unasema adui anapigana na nyota za Kenya, kwa hivyo tufunge siku tatu. Baadhi yenu mnaniuliza mbona mchungaji hajaandika Amina. Siandiki. Na nitawaambia kwa nini, hata kama ukimaliza kusoma utaniondoa kwa marafiki.

Tarehe 13 Oktoba 2024, kule Chicago, Ruth alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Aliikata rekodi ya Tigst Assefa wa Ethiopia kwa karibu dakika mbili nzima, na ushindi wake akautoa kwa kumbukumbu ya marehemu Kelvin Kiptum. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia.

Baada ya mbio, Robert Johnson wa tovuti ya LetsRun alimwuliza awaambie nini watu watakaoona kwamba muda huo ni mzuri kupita kiasi. Kenya ikawaka. Shirikisho la riadha likamtetea Ruth, habari ikafika mpaka bungeni, na ninyi wapendwa (ndiyo, ninyi, nilisoma) mkamwita yule mwandishi wakala wa shetani.

Fungua 1 Wafalme 22. Ahabu alikuwa na manabii kama mia nne, wote wakimwambia apande vitani kwa kuwa atashinda. Alibaki mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, na mfalme alitamka kwa kinywa chake kwamba anamchukia mtu huyo kwa sababu hamtabirii mema. Akamtupa gerezani ale mkate wa shida. Kisha Ahabu akaenda vitani, na aliporudishwa Samaria alikuwa maiti. Sasa, Johnson si nabii na hakudai kuwa nabii. Ni mwandishi wa habari, na kuuliza ndiyo kazi inayomlisha. Lakini wale mia nne ninawatambua vizuri. Wako kwenye grupu letu.

Miezi mitano baada ya Chicago, tarehe 14 Machi 2025, wapimaji walichukua mkojo wa Ruth. Wakakuta dawa inayoitwa haidroklorothiazidi, kwa kifupi HCTZ, nanogramu 3,800 kwa kila mililita. Kiwango cha chini cha kuripotiwa ni 20. Piga hesabu mwenyewe, ni mara 190. Dawa hiyo mnaijua bila kujua jina lake. Ni kidonge cha presha, kile ambacho akina mama wengi wanameza asubuhi halafu wanatafuta choo katikati ya mahubiri. Kwa mgonjwa wa presha ni msaada. Kwa mwanariadha imekatazwa wakati wa mbio na wakati wa mazoezi, maana inaweza kuficha dawa nyingine mwilini. Oktoba 2025, AIU, kitengo cha uadilifu wa riadha duniani, kikatangaza marufuku ya miaka mitatu. Ingekuwa minne, mmoja uliondolewa kwa sababu alikiri mapema.

Niseme kwa haki: sampuli ile haikuwa ya Chicago. Rekodi yake ingali imesimama, na hakuna aliyethibitisha kwamba siku ile alikimbia na kitu mwilini. Mtu aliyeokoka hatakiwi kusema kupita ushahidi. Wala asiupunguze.

Sasa njooni tuketi hapa kidogo, maana hapa ndipo paliponiuma. Mwanzoni Ruth hakuwa na maelezo kuhusu ile dawa. Baadaye akasema kwamba aliugua, akameza dawa za dada wake wa kazi bila kuangalia kama zina kitu kilichokatazwa. AIU waliyapokea maelezo hayo kwa shaka, wakasema kwamba hata yakichukuliwa yalivyo, mwanariadha wa kiwango chake kumeza dawa za mtu mwingine hivyo ni kujitia hatarini kwa makusudi. Mimi sisemi alidanganya. Ninasema angalieni sisi tulivyoipokea hiyo habari. Watu wa maombi waliandika kwamba huyo msichana alitumwa. Wengine wakashauri afukuzwe. Sikuona hata mmoja aliyeuliza msichana mwenyewe anaumwa nini.

Tunajua tunavyoishi nao. Kijiko kikipotea ni yeye. Mtoto akiharisha ni yeye. Bwana akichelewa kurudi nyumbani, yuko dada mmoja hapa atakayesema ni yeye. Adamu alipoulizwa bustanini alimsukumia mkewe, na mke akamsukumia nyoka. Sisi tumempata aliye chini ya wote hao, anayelala karibu na jiko na kulipwa mwisho wa mwezi kama tumekumbuka. Na Biblia hiyo hiyo, 2 Wafalme 5, inatuonyesha jemadari Naamani akipona ukoma kwa sababu msichana mdogo, mateka ndani ya nyumba yake, alifungua kinywa. Hata jina lake hatulijui.

Mtaniambia ni wazungu wanaotuonea wivu kwa kuwa tunawashinda. Haya, tuwatazame hao wazungu. David Walsh, mwandishi wa Ireland, aliuliza kwa miaka mingi kuhusu Lance Armstrong, Mmarekani aliyepona saratani akatawala mbio za baiskeli, kipenzi cha dunia nzima. Walsh alitukanwa kuliko Johnson. Armstrong alilishtaki gazeti lake, Sunday Times, na mwaka 2006 likamlipa pauni 300,000. Mwaka 2012 Armstrong akavuliwa mataji yote saba ya Tour de France. Januari 2013 akakiri mwenyewe kwenye televisheni mbele ya Oprah Winfrey, na gazeti lilikuwa tayari limemgeukia kudai pesa zake. Na Marion Jones, aliyerudi kutoka Sydney 2000 na medali tano? Marekani yake mwenyewe ilimhukumu jela miezi sita mwaka 2008 kwa kuwadanganya wachunguzi wa serikali. Huo pia ulikuwa wivu?

Angalieni na Wilson Kipsang wetu, aliyeweka rekodi ya dunia Berlin mwaka 2013. Alifungiwa miaka minne mwaka 2020, na hakukutwa na dawa mwilini hata tone. Alikosa kupatikana wapimaji walipomtafuta, akadai ajali ya lori ilifunga barabara mwezi wa Mei, akaleta na picha. Picha ilikuwa ya ajali ya Agosti. Pepo gani tulikemee hapo?

Serikali ya Kenya iliahidi mwishoni mwa 2022 dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano za kupambana na dawa za kusisimua misuli, wakati nchi nzima ilikuwa karibu kufungiwa. Pesa hizo hazikutengwa kupigana na wachawi.

Kuna watumishi, na watajijua, ambao mkimbiaji akishinda wanampa kiti cha mbele, wanapokea fungu la kumi la dola, wanapaka mafuta gari jipya. Akifungiwa wanamwambia nyota yake imefungwa na shangazi. Hawathubutu kumwambia atubu, maana wakitaja toba itabidi waulize ile sadaka ilitoka wapi.

Na anayeumia ni nani? Ni yule binti anayekodi chumba cha mabati Iten, anayekula ugali na sukuma na kuamka saa kumi na moja alfajiri akingoja meneja amwone. Akimaliza wa pili nyuma ya mtu aliyetumia dawa, matokeo yanaweza kubadilishwa kwenye karatasi baada ya miaka miwili. Ile siku ya kusimama juu harudishiwi, wala ule mkataba aliopewa mwingine. Huyo naye ni nyota. Mbona hakuna aliyetuma ujumbe tufunge siku tatu kwa ajili yake?

Ruth tumwombee. Alifungiwa akiwa na umri wa miaka 31, na miaka mitatu kwa mkimbiaji wa umri huo ni mingi. Tumwombee kwa jina, na tuombe aseme yote anayoyajua, kwa sababu AIU walipomfungia walitangaza kwamba wangeendelea kuchunguza mambo waliyoyakuta kwenye simu yake. Johnson naye, kama ulimtukana, futa. Ule ujumbe wa siku tatu msinitumie tena.

Na leo jioni ukifika nyumbani, mwulize dada wako wa kazi kama kuna dawa anazotumia, na ni za nini. Kama anazinunua kwa huo mshahara wake, zilipie wewe. Ibada ya katikati ya wiki ni Jumatano saa kumi na moja na nusu jioni kama kawaida. Mje naye.