Lenzi zikimwishia mtoto ughaibuni, usimwambie avumilie

Kwa siku tatu mwanangu alikuwa akinipigia bila kuwasha kamera. Anasoma chuo Ohio, Marekani, na tumezoea kuonana WhatsApp usiku wa kwetu, yeye akiwa kwenye chakula cha mchana. Siku ya nne nikamlazimisha awashe. Pazia lilikuwa limefungwa mchana kweupe, na jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu kama pilipili.

“Mwanga unaniumiza, mama.”

Nianze na kosa langu kabla ya lake. Kijana huyu haoni mbali tangu darasa la sita. Alipokolea mpira sekondari miwani ikawa kero, tukampeleka kupimwa hapa Dar es Salaam, akaanza kuvaa lenzi za jichoni, zile za kubadilisha kila mwezi. Aliondoka Januari na za miezi sita. Zilipoisha akaenda dukani, akaambiwa haziuzwi bila cheti, na cheti cha huku hawakukikubali. Kupimwa upya ilikuwa zaidi ya dola 100, na bima yake ya chuo haikugusa mambo hayo. Nikapiga hesabu, ni zaidi ya laki mbili na nusu, nikamjibu: “Vumilia baba, shangazi yako anakuja huko Desemba, nitampa akuletee.”

Wazazi wenzangu, neno hilo watoto walioko mbali wanalitii kupita kiasi. Wanajua ada imetoka wapi. Wangu alivumilia kwa kuvaa jozi moja ya mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu. Dawa ya kuoshea alikuwa anaiongezea juu ya ile ya jana badala ya kumwaga na kuweka mpya. Ilipoisha, akasuuza kwa maji ya bomba. Maji ya kule yananyweka, akaona kama yanafaa tumboni yatafaa na jichoni. Siku za mitihani alilala nazo.

Kila kimoja kati ya hivyo ni hatari peke yake. Konea, ule uso wa mbele wa jicho unaopitisha mwanga, haina mishipa ya damu, hupata sehemu kubwa ya hewa yake moja kwa moja kutoka nje. Ukifumba jicho lenye lenzi usiku kucha, hewa inapungua na vijidudu vinapata nafasi. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8. Maji nayo, hata yaliyo salama kunywa, yanaweza kuwa na amiba anayeshambulia konea. Ndiyo maana lenzi hazivaliwi kuogelea wala kuoga, na hazigusani na maji ya aina yoyote.

Daktari wa macho alikuta kidonda kwenye konea. Akakwangua kidogo akapime. Kwa bahati walikuwa bakteria. Amiba angemweka kwenye matibabu miezi. Aliandikiwa matone kila saa, mchana na usiku, kwa siku mbili za kwanza. Usiku wao ni mchana wetu, kwa hiyo zamu ya kumwamsha ikawa yangu. Nilikuwa kwenye foleni ya benki nikimpigia: “Amka, tia dawa.” Amebaki na kovu dogo, pembeni ya mboni. Lingekuwa katikati, jicho hilo lisingesoma tena vizuri. Gharama ya matibabu sitaitaja hapa, lakini zile dola 100 zilionekana nauli ya daladala.

Nikaanza kuuliza yale ambayo ningeuliza kabla hajapanda ndege. Kumbe kule lenzi ni kifaa cha tiba kisheria, hata zile za rangi zisizo na nguvu yoyote. Sheria ya mwaka 2003 inamtaka aliyekupima akupe nakala ya cheti chako bila kuombwa na bila malipo ya ziada, na unaruhusiwa kwenda nayo kununua popote, hata mtandaoni kwa bei nafuu. Kwa kawaida cheti hicho hakipungui mwaka mmoja. Yaani angelipa kupimwa mara moja, angenunua mwaka mzima kwa amani.

Cheti cha miwani hakitoshi, kwa sababu miwani hukaa mbali kidogo na jicho na lenzi hukaa juu yake. Cha lenzi huonyesha pia mkunjo, upana na aina. Mwenye mtoto anayejiandaa kusafiri ampeleke akapimwe karibu na safari, apige picha ya cheti ibaki kwenye simu zenu wote wawili, na kwenye bajeti ya mwaka aandike kupimwa macho kama anavyoandika koti la baridi. Na miwani aibebe, yenye vipimo vya sasa. Wangu aliiacha kabatini kwetu, eti imepitwa. Angekuwa nayo, asingelazimika kuvaa lenzi zilizochoka. Hata kwenye ndege avae miwani, hewa ya mle hukausha macho na usingizi hauombi ruhusa.

Mabinti wanaoazimana lenzi za rangi siku ya sendoff nitawarudia wiki nyingine. Leo niseme tu kwamba lenzi haiazimwi, kama mswaki.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, atoe lenzi papo hapo na amwone daktari siku hiyohiyo. Asizitupe, aende nazo pamoja na kikopo chake, daktari anaweza kuzipima. Wala asichukue matone ya mwenzake chumbani, kwani yapo yenye steroidi yanayoweza kuzidisha maambukizi.

Shangazi yake aliposafiri Desemba hakubeba lenzi hata moja. Nilimpa miwani mbili, moja ya akiba. Kijana akapimwa hukohuko, sasa anavaa lenzi za kutupa kila siku, na ni siku za mpira tu. Mimi kila Jumapili namwambia awashe kamera na asogee dirishani.