Daftari la mvua lisibaki tupu

Ndugu mkulima, juzi nilikuta kipima mvua cha kijiji kimefunikwa na matawi ya mwembe, na daftari lake halina hata namba moja tangu mwezi uanze. Nikauliza. Nikajibiwa, "Bwana shamba, si siku hizi satelaiti zinaona kila kitu?"

Hazioni. Satelaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat zinatazama mawingu kwa juu; mvua iliyofika shambani kwako zinaikadiria tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, hutengeneza ramani za mvua ziitwazo CHIRPS, zinazotumika kufuatilia ukame Afrika nzima. Huchanganya makadirio ya satelaiti na vipimo vya vituo vya ardhini kutoka nchi mbalimbali. Vituo vikipungua, hakuna wa kuyasahihisha makadirio.

Na usidhani ni mambo ya wasomi. Zipo bima za mazao zinazolipa kwa kufuata ramani za namna hii. Mahindi yako yakikauka huku ramani ikionyesha mvua ilinyesha, hulipwi. Nawe mfanyabiashara uliyemkopesha mbegu, utamdai nini?

Kwa hiyo soma kipimo kila siku saa 3 asubuhi, uandike. Siku kavu andika 0, maana nafasi tupu haimwambii mtu kama hapakunyesha au ulilala. Mwisho wa mwezi, takwimu ziende TMA.

Jumamosi nakuja na panga kuyakata yale matawi. Mwenye kalamu aje nayo.