Mnamchamba Bure Dada wa Kahama, Ila Ukuta Wake Una Pengo

Wadau, ile video ya staa wetu mmoja akionyesha nyumba yake mpya mmeiona. Jina nalihifadhi. Mtoto wa Kahama huyo, kajenga, kaweka masofa ya maana, na juu ya tivii katundika lile wimbi maarufu la Kijapani. Basi mtandaoni akachambwa: Kahama bahari iko wapi? Anajifanya mzungu!

Mimi hapo namtetea. Ile picha haikuzaliwa kwa ajili ya matajiri. Hokusai aliichora mwaka 1831 hivi, mafundi wakaichonga kwenye mbao, wakapaka rangi na kuchapa nakala kwa maelfu. Waliozinunua ni watu wa kawaida wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Ilikuwa sanaa ya mnyonge. Kuitundika sebuleni sio kosa kabisa.

Kesi yangu iko kwingine. Angalia vizuri nyuma ya lile wimbi, utaona kilima kidogo chenye theluji. Ule ndio Mlima Fuji. Picha hiyo ni moja tu kati ya mfululizo wa Mandhari 36 ya mlima huo, na watu walivyozipenda Hokusai akaongeza nyingine 10. Yaani watu walitoa hela yao kununua picha ya mlima ambao siku ya anga safi waliuona palepale mjini. Hawakuuona wa kishamba.

Sasa sisi? Dada kaulizwa mbona hana picha ya kwao, akacheka, akasema kule kuna vumbi tu. Hapo ndipo kaniudhi, ingawa wengi wetu tunasema hivyohivyo. Majabali yaliyopandana Usukumani, pamba ikiwa imepasuka, ng'ombe wakirudi jioni, wachimbaji wa Geita wamezunguka duara: vyote hivyo tunaona ni vya kukimbia, sio vya kutundika.

Na tusisingizie kwamba picha ukutani sio mila yetu. Mwaka 1953 Hans Cory alitoa kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Kisukuma. Wala tusisingizie gharama. Edward Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli na vipande vya ubao.

Dhahabu inatoka huku kila siku, nyumba zinapanda Katoro na Kahama, halafu kijana anayejua kuchora anaishia kuandika mabango ya saluni. Hokusai aliuchora Fuji mara 46 kwenye mfululizo huo kwa sababu wanunuzi walikuwepo. Staa akimpa kijana huyo kazi moja tu, akaiposti, mashabiki wangapi watataka ya kwao?

Kwa hiyo dada, wimbi liache hapohapo. Ila pembeni yake tundika jabali la kwenu.

Na wewe unayemchamba, ukutani kwako kuna nini? Kalenda ya duka la simenti?