Kukata Maneno si Kuponya Ndoa

Katika parokia zetu neno moja latolewa kama dawa ya kila ndoa inayougua: «Vumilia.» Bibi asiyesemezana na bwana wake tangu miezi sita huambiwa avumilie. Bwana anayechelewa kazini kusudi asirudi nyumbani, naye huambiwa vilevile. Mambo yakiisha kuharibika kabisa, wazee wa pande mbili hukutana jioni moja, husikiliza, hutafuta mwenye kosa, humtoza mbuzi, kisha kila mtu huenda kwake. Je, ndoa imepona? Sivyo. Imehukumiwa tu. Aliyeshindwa hurudi na uchungu, aliyeshinda hurudi na kiburi, na wote wawili hulala katika chumba kile kile.

Wazee hatuwadharau. Wanajua mambo ya mahari na ya ukoo, na pasipo wao ndoa nyingi zingalikwisha kufa. Lakini kazi ya baraza ni kukata maneno. Kuponya ni kazi nyingine, nayo yataka siku nzima nzima, si saa moja ya jioni.

Huko Kanada, katika jimbo la Quebec, Wakatoliki walianza mwaka 1977 kazi iitwayo Retrouvaille, maana yake kuonana tena. Ni kwa ajili ya watu wa ndoa walio karibu kuachana, hata waliokwisha kutengana. Bwana na bibi hutoka nyumbani Ijumaa jioni, hukaa mahali pa kimya mpaka Jumapili. Wanaowaongoza si mabingwa wenye vyeti, bali ni watu wa ndoa walioumizana wao wenyewe wakapatana, pamoja na padri. Hao husimulia shida zao bila kuficha. Halafu kila mmoja huandika peke yake yaliyo moyoni mwake, hubadilishana karatasi na mwenzake, na huongea wawili tu. Siku hizo zikiisha, huitwa tena kwa mikutano mingine miezi kadhaa, kwa maana kidonda kinachoanza kufunga hutoneshwa upesi.

Jambo la karatasi latupendeza sana. Mwenye hasira hukatizwa neno kabla hajalimaliza, karatasi haikatizwi. (Asiyejua kuandika aseme, na mwenzake anyamaze mpaka mwisho. Kunyamaza hivyo ni kugumu kuliko kuandika!)

Wengine watasema: «Hayo ni mambo ya Wazungu.» Wamesahau Kolwezi? Katika miaka ya 1950 Padri Placide Tempels, Mfransisko, alianzisha Jamaa kati ya wafanyakazi wa migodi ya Katanga, na mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili. Bwana na bibi waliingia pamoja, wakajifunza kuambiana mawazo yao. Hayo yalifanyika kwetu miaka ishirini na zaidi kabla ya Quebec.

Wengine watasema: «Siri ya nyumba isitoke nje.» Vema. Lakini baraza la jioni lina masikio kumi na mawili, na kesho yake habari iko sokoni. Ni wapi siri imetoka nje?

Liko neno jingine, nalo tutalisema wazi. Bibi anayepigwa asipelekwe kwenye siku hizo pamoja na yule ampigaye. Atasema kweli gani, akijua kwamba Jumapili jioni watafunga mlango mmoja? Wenye elimu ya kuuguza ndoa, wanaoijua kazi yao, humwuliza kwanza kila mmoja peke yake kama kuna kupigwa au kutishwa. Huyo atafutiwe kwanza mahali pa usalama. Anayemwambia «vumilia» anamshikia mpigaji fimbo.

Tunazo nyumba za mafungo. Wanakwaya hupewa siku zao humo, watu wa Legio vilevile. Watu wa ndoa wanaougua hawapewi hata moja. Twaambiwa fedha hakuna. Siku ya arusi fedha za bia zilitoka wapi, na za magari, na za vitambaa vya sare? «Na watoto, nani atawalinda siku hizo mbili?» Mashangazi waliocheza arusini mpaka asubuhi wangali hai, na nyumba zao twazijua.