GOFU SI KULIMA

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tunaiandika kwenye insha kila muhula, lakini ukimwona mwenzetu ameshika fimbo ya gofu, utadhani hakuwahi kuisikia. Anatazama mbali, anakaza meno, kisha anaizungusha fimbo kama mtu anayeua nyoka. Matokeo? Udongo unaruka, mpira uko pale pale! Ama anaupiga utosini, nao unatambaa kwenye nyasi kama panya aliyefukuzwa. Halafu ati fimbo ndiyo mbaya.

Maoni yangu ni kwamba kinachotushinda si uhaba wa nguvu. Kinachotushinda ni kuugusa mpira sawasawa, tena kila mara.

Najua wapo watakaouliza, "Gofu inatuhusu nini? Si mchezo wa matajiri?" Hapana, jamani. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, na mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka wa 1967. Wengi wa Wakenya waliopata kuwa wachezaji wa kulipwa walianza kama kedi, wakibeba mifuko ya wengine. Hata Ben Hogan, Mmarekani anayesifiwa hadi leo kwa kuupiga mpira barabara, alianza kwa kubeba mifuko huko Texas. Kijana anayefanya kazi hiyo wakati wa likizo huwa na fimbo ya kuazima na mipira miwili mitatu ya kuokota. Ikipotelea kichakani, mazoezi yamekwisha. Kwake yeye, kila pigo lina thamani.

Sasa tufikiri kama wanafizikia. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Fimbo ikiupiga, vinagusana kwa muda mfupi mno, kama sekunde moja iliyogawanywa mara 2,000. Katika muda huo huwezi kurekebisha chochote! Lazima mambo yawe yamepangika kabla.

Fimbo ikizunguka huchora mviringo, na mviringo huo una mahali pake pa chini kabisa. Ukitumia fimbo ya chuma na mpira uko ardhini, mahali hapo panafaa pawe mbele kidogo ya mpira, upande wa unakolenga. Yaani fimbo iguse mpira kwanza, nyasi baadaye. Ukitangulia nyasi, umelima.

Mbona basi tunalima? Kwa sababu tunataka kuunyanyua mpira kwa mikono. Tunaegemea mguu wa nyuma na kuuchota kama uji. Lakini uso wa fimbo tayari umelala kidogo kuelekea juu, na kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya kuupandisha mpira. Wewe upige fimbo ikiwa bado inashuka, uzito wako ukiwa umehamia mguu wa mbele, na mpira utapanda wenyewe. Ni fimbo ile kubwa tu, inayopiga mpira uliowekwa juu ya kijiti, ambayo haifuati sheria hii.

Wengine watasema, "Bila nguvu mpira hauendi mbali." Ni kweli kwamba kasi ya fimbo ina kazi yake. Lakini pigo la kasi likigusa ukingoni, nguvu nyingi hupotea na mpira hupinda. Tujifunze kwanza kuugusa kwa katikati ya fimbo, kasi itafuata.

Dawa yenyewe haihitaji hata mpira. Chora mstari wa chokaa kwenye nyasi. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako. Shika fimbo kama unavyoshika kifaranga, asitoroke na asife. Izungushe polepole kutoka usawa wa kiuno upande mmoja hadi kiuno upande wa pili, kisha utazame ilipokwangua. Ikiwa ni nyuma ya mstari, uzito umebaki nyuma. Ikiwa ni kwenye mstari au mbele yake, hongera. Fanya mara 10 na uandike umepata ngapi. Usiongeze nguvu kabla ya kupata 8. Na ukishapata, anza kila pigo kwa utaratibu ule ule, maana anayesimama tofauti kila mara hupiga tofauti kila mara.

Mwalimu wetu wa michezo, tunakuomba utupatie pembe moja ya uwanja, chokaa kidogo na fimbo moja kuukuu. Hatuombi zaidi. Wenye zamu wasimame mmoja mmoja, wengine wakae mbali nyuma yake, maana fimbo haina macho.

Nanyi wenzangu mnaopenda kupiga kwa vishindo, punguzeni kidogo. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.